Programu ya Polepole

Konsolata amefariki. Tulimzika Jumamosi, na alasiri ya Jumapili nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake Kinyinya, hapa Kigali, katikati ya majirani na watu wa kanisani kwake. Tulikuwa katika ikiriyo, ndivyo tunavyoyaita maombolezo ya kukaa pamoja nyumbani kwa marehemu. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mafundi wanaomalizia ghorofa ya mtu mwenye haraka zake, Jumapili au si Jumapili, na kila mzungumzaji alilazimika kungoja mashine ya zege inyamaze ndipo aendelee. Eric, mdogo wake Konsolata, alishika kipaza sauti. Ni mwanaume anayekaribia miaka arobaini, anaandika programu za kompyuta katika kampuni moja mjini, na ana sauti ambayo haihitaji kipaza sauti chochote. Alisimulia jinsi alivyopotea mwaka 1994 akiwa mtoto wa miaka sita, na jinsi alivyopatikana. Kisha akanyoosha mkono upande wangu. "Yule muzehe pale ndiye mwenye kompyuta iliyoniona," akasema. "Dada aliandika jina langu, kufumba na kufumbua, mimi huyo kwenye skrini. Ndiyo maana na mimi nilisoma hii kazi." Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, nao bila shaka wakadhani ni unyenyekevu.

Hotuba zilipokwisha Eric alivuta kiti akaja kukaa karibu nami, goti kwa goti, kama watu wa kazi moja wakutanapo. Nyuma yake alikuja Dativa na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Dativa si ndugu yao wa damu. Konsolata alimchukua akiwa mtoto wa miaka mitano, mwaka ule ule, akamlea pamoja na Eric, na sasa ni mama wa watu. Alinimiminia chai akaniwekea sukari bila kuniuliza, maana anajua ninavyoinywa. Eric akaanza kunilalamikia kazi. Ana mashine zenye nguvu ambazo mimi wa enzi zile nisingeweza hata kuziota, na bado wateja wake wanapotafuta jina moja wanangoja mpaka wanakasirika. Nilimsikiliza kwa raha kidogo. Maswali ya kazi yetu hayabadiliki: kwa nini inachelewa, kwa nini jana ilifanya kazi na leo imegoma, nani ameigusa. Kisha akauliza swali ambalo nililikimbia miaka yote hii, kiasi cha kutafuta visingizio nisifike kwenye arusi yake. "Muzehe, wewe ulikuwa na kimashini kadogo tu, na umeme wenyewe wa kubahatisha. Ile programu yako iliniona haraka vile namna gani?" Dativa alikuwa bado amesimama pale na chupa yake.

Niliingia Kigali Septemba ya mwaka huo nikitokea Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kabla sijazaliwa. Hayo ya ukimbizi nimeyaandika kwingine, yatosha. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yamekomeshwa Julai, na sisi wa nje tulikuwa tunarudi katika nchi ambayo wengi wetu tuliijua kwa nyimbo za mama zetu tu. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja nikiwa nusu mgeni nusu mwenyeji, na sikumponya mtu. Nilichokuwa nacho ni cheti cha kozi ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, suruali mbili, na Kinyarwanda cha jikoni ambacho watoto wa mtaa wa Muhima walikicheka waziwazi. Kwa cheti hicho nilipewa kazi siku nilipofika. Hakuna aliyeniuliza kama najua vizuri. Waliokuwa wanajua walikuwa wamekufa au wamekimbia.

Ofisi ilikuwa Muhima, juu kidogo ya barabara ya kuteremkia Nyabugogo, katika nyumba iliyokuwa duka la vitambaa. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watoto waliopotea na watu wao. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi, na bado kilinuka vitambaa vipya. Chumba cha kati kilikuwa na kompyuta moja ya kijivu na jenereta nje ya dirisha. Nyuma kulikuwa na jiko la Mama Zainabu, Mwislamu wa Nyamirambo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha ofisi nzima nami nikiwemo. Mimi nililala katika nyumba ya jirani ambayo wenyewe hawakuwepo. Sikuuliza walikuwa wapi, kwa sababu majibu ya swali hilo siku zile yalikuwa machache na mtu aliyajua kabla ya kuuliza. Tulilala hivyo wengi, katika vitanda vya watu. Kwenye kabati la jikoni nilikuta vikombe vinne vya plastiki vyenye majina ya watoto wa nyumba ile, yameandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha ili wasigombane: Uwera, Mugisha, Ingabire, Gatete. Kila asubuhi nilinywea chai katika kimojawapo. Kila asubuhi niliona aibu, na kila asubuhi nilikunywa, maana vikombe vingine havikuwepo. Naomba msomaji aviweke akilini vikombe hivyo. Mimi niliviangalia kila siku na havikunifunza kitu.

Mkubwa wetu tulimwita Diregiteri. Alikulia Uganda, Kiswahili chake alikipata kambini kwa askari, na mimi aliniita Tanzania, kana kwamba nchi nzima ilikuwa imeajiriwa pale. Siku yangu ya kwanza alisimama nyuma yangu anione mtaalamu akianza kazi. Kibodi ilikuwa ya Kifaransa, herufi zake hazikukaa mahali nilipozizoea, na nilipoandika jina langu, Protasi, skrini ikaonyesha Protqsi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Konsolata, aliyekuwa ameketi pembeni akingoja zamu ya kuingiza majina, hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, kitambaa kichwani, mpiga chapa wa ofisi moja ya zamani mjini. Alinisogezea kiti chake akanionyesha A ilipo. Kati ya watu wote wa nyumbani kwao aliyebaki na matumaini naye alikuwa mmoja tu, huyu mdogo wake, waliyetenganishwa naye katika purukushani za Aprili. Aliomba kazi pale ili akae karibu na majina. Hakuficha jambo hilo, na Diregiteri alimchukua kwa sababu hiyo hiyo, akisema mtu wa namna hiyo hatalala kazini.

Programu niliyoandika kwanza ilikuwa rahisi, ya mwanafunzi. Vituo vya watoto vilituletea taarifa za kila mtoto: jina lake, la baba, la mama, kilima alikotoka, majina ya ndugu anaowakumbuka. Waliokuja kutafuta nao waliandikwa hivyo hivyo. Programu ilimchukua mtoto mmoja ikamlinganisha na kila mtafutaji, neno kwa neno, kisha ikamchukua wa pili ikaanza upya, mpaka mwisho. Ilikuwa inatambaa. Tuliiwasha Ijumaa ofisi inapofunguliwa, na jenereta ikinguruma nje, namba ndogo ya kijani pembeni mwa skrini ikipanda moja moja, na mpaka Mama Zainabu anaosha sahani za mchana bado inakwenda. Lakini mwishoni printa ililia, na mara nyingine karatasi ilitoka na jina la mtoto na jina la mtu wake. Aliyekuja Jumatatu aliambiwa arudi Jumatatu nyingine. Watu hawakulalamika. Walikaa kwenye mabenchi hata baada ya kuambiwa warudi, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Diregiteri ndiye aliyelalamika, na simlaumu. Dizeli ilikuwa shida, wageni wenye misaada walikuwa wanakuja kutazama, na yeye alitaka mtu akiketi mbele ya kompyuta apate jibu lake hapo hapo. "Tanzania, hii kitu yako iko kobe," aliniambia. "Fanya iko mbio." Nikafikiri siku kadhaa, nikitembea na kalamu sikioni ili nionekane nafikiri. Kisha nikakumbuka mazoezi ya kozini Dar, yale ya wafanyakazi wa kiwanda, ambapo mwalimu alitufundisha kuligawa rundo kwanza. Usimlinganishe mtu na dunia nzima. Mpange kwa jina la ukoo, kisha mtafute miongoni mwa wenye jina hilo tu. Nikaongeza mistari michache. Nikatengeneza faharasa kwa safu ile ambayo kwenye skrini iliitwa jina la ukoo, nikaiambia programu ichukue jina la ukoo la mtafutaji, itazame watoto wenye jina hilo hilo tu, isihangaike na wengine. Ili kuijaribu niliingiza familia yangu mwenyewe: mimi, baba yangu, dada zangu wawili na kaka yangu, sote tukiwa na jina la baba, Rwabukumba, kama tulivyoandikishwa shuleni Karagwe. Niligonga kitufe, na sote watano tukatokea kwa mpigo mmoja. Nilipiga meza kwa furaha, nikamwita Konsolata aje aone.

Aliyezaliwa nchi hii ameshaona, na aliyezaliwa kwingine nitamweleza. Sisi Wanyarwanda hatuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa tukio au tumaini la siku alizozaliwa, na kaka na dada wa tumbo moja hawafanani majina hata kidogo, wala mtoto na baba yake. Lile jina la baba tulilobandikwa Karagwe lilikuwa desturi ya shule za kule, na nililivaa miaka mingi hata nikasahau kwamba ni la kuazima. Katika ile safu ya jina la ukoo Konsolata na wenzake waliandika jina la Kinyarwanda la kila mtu, la kwake peke yake. Hawakujua mashine inafanya nini na safu hiyo. Kwa nini wajue, mimi ndiye niliyekuwa fundi. Programu yangu mpya, kwa kasi ya ajabu, iliwatafuta watoto mahali pekee ambapo hawangeweza kuwemo.

Wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa Konsolata. Alijiandika upya, akamwandika mdogo wake Nsengiyumva Eric, baba yao, mama yao, kilima chao. Alifuta viganja kwenye sketi, akagonga kitufe. HAKUNA, ikasema skrini, kabla hajaondoa kidole. Alitazama kidogo, akainuka akaenda nje kunawa mikono, akarudi akaendelea kuingiza majina ya wengine. Jumapili iliyofuata aliomba misa isomwe kwa ajili ya marehemu mdogo wake. Nami nilikwenda, kwa heshima. Nilivaa ile suruali yangu nzuri.

Mtu ataniuliza ilikuwaje hatukushtuka kwamba jibu ni hakuna, hakuna, hakuna, siku baada ya siku. Ni kwa sababu hakuna aliyetarajia jingine. Ndilo jibu ambalo nchi ilikuwa inawapa watu kila walikogeuka, na lilipotoka kwenye mashine lilionekana la kweli zaidi. Mimi nilivimba kichwa. Diregiteri aliniletea wageni, akawasimamisha nyuma ya kiti changu, akasema zamani Ijumaa nzima, sasa tazameni. Jioni moja mapema alinipeleka kula mishikaki Kicukiro, akawaambia wenye duka kwamba huyu kijana ni bongo. Nilikula mishikaki ile kwa furaha. Hilo nalo linanirudia, kwamba ilikuwa mitamu.

Katika siku hizo alikuja mzee mmoja. Alikuwa amevaa koti zito la sufu na joto lote lile, kofia ya kahawia mkononi, na alikataa kuketi mpaka wanawake wote waliokuwa wamesimama wapate nafasi. Jina lake Sebahire. Alikuwa anatafuta mjukuu wa kike, Dativa, mtoto wa mwanawe, aliyekuwa na miaka mitano, na alisema ana kovu la moto kifundoni. Alifikia kwa watu wa kanisa Kicukiro. Konsolata aliandika, mimi nikagonga kitufe, nami ndiye niliyemwambia. Nilikuwa nimejifunza kulisema neno lile kwa Kinyarwanda kizuri, kwa sauti ya chini. Alivaa kofia yake, akaivua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia maneno machache. Kisha akatoka. Hakuacha mahali pa kupatikana, na mimi sikumwomba, kwa sababu aliyeambiwa hakuna hatumhitaji tena.

Nililigundua kosa langu mezani. Sikuligundua kwa akili. Lilinijia lenyewe, kijiko kikiwa njiani. Tulikuwa tunakula isombe, kisamvu cha huku, na ugali, mimi, Konsolata na Mama Zainabu, na Mama Zainabu, ambaye alipenda habari za majina, alimuuliza Konsolata yule marehemu mdogo wake alipataje jina la Nsengiyumva. Konsolata akaeleza kwa utulivu. Nyumbani kwao walitangulia wasichana, baba akaomba miaka mingi apate mvulana, na alipompata akamwita kwa jina linalosema namwomba anayesikia. Yeye mwenyewe, akasema, aliitwa Mukarugwiza kwa kuwa alizaliwa mwaka wa mavuno mengi, na dada yao aliyefuata aliitwa kwa jina la mambo mengine kabisa. Akawataja wote, mmoja mmoja. Nami nikaona vile vikombe vinne. Nikaona safu ile ya skrini. Nikaelewa kila kitu kwa wakati mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Na nilifanya nini? Nilimaliza sahani yangu. Mama Zainabu aliniongeza isombe, nikasema asante, nikala na hiyo. Msiniletee ile methali ya haraka haraka haina baraka. Nimejisomea mwenyewe mara nyingi mno. Kinachonichoma si haraka. Ni ile sahani ya pili.

Nilimwambia tulipobaki wawili chumba cha kompyuta. Nilimwambia vibaya, kwa kuzungukazunguka, nikitaja faharasa na mafungu, nikijificha nyuma ya maneno ya kazi, mpaka akanikatiza aulize kama maana yake mashine haikumtafuta Eric. Nikasema haikumtafuta. Nilitarajia anipige kofi, na nadhani ningeshukuru. Konsolata aliangalia meza, kwenye kile kisanduku cha disketi.

"Ile ya polepole iko wapi?"

"Iko kwenye disketi. Sikuifuta."

"Basi weka ile."

Nikamkumbusha kwamba si Ijumaa, kwamba dizeli haitatosha, kwamba Diregiteri anakuja na wageni saa tisa kuwaonyesha ile ya haraka. Ndiyo, niliyasema hayo, na nilijisikia nikiyasema. Konsolata alivuta kiti chake mbele ya mashine akakunja mikono. Nikaingiza disketi, nikawasha jenereta, namba ya kijani ikaanza kupanda moja moja. Saa tisa wageni waliingia wakakuta skrini inatambaa. Diregiteri akaniuliza kwa meno kulikoni. Konsolata alijibu bila kugeuka, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Mimi ndiye nimeomba. Hii iko inatafuta watu yote. Wacha imalize." Sijui kama Diregiteri alielewa. Aliwatoa wageni akawapeleka kwa Mama Zainabu wanywe chai, na aliporudi peke yake nikamweleza, akakaa kwenye ukingo wa meza, akavua miwani. Hakunifukuza kazi, ingawa nilitamani anifukuze.

Printa ililia usiku. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko zote tulizowahi kuona. Nsengiyumva Eric alikuwa katika kituo cha watoto ambacho mtu angeweza kwenda kwa miguu na kurudi. Taarifa zake ziliingizwa na mwenzake mmoja baada ya Ijumaa ya mwisho ya ile ya polepole, kabla ya misa. Konsolata alizikata zile karatasi pole pole kwenye mikunjo yake, akaiweka ya kwake mfukoni, kisha akaanza kuzisoma za wengine, na katika za wengine alimkuta Dativa, miaka mitano, kovu la moto kifundoni, anatafutwa na babu yake, Sebahire. Kesho yake asubuhi tulikwenda Kicukiro. Watu wa kanisa wakatwambia mzee ameondoka, amesema hana tena sababu ya kukaa Kigali, na hawajui ameelekea wapi. Tulitangaza redioni. Tuliandika kwa maparokia. Konsolata alienda mwenyewe mpaka kilimani kwao akakuta magofu na mbuzi wa watu. Wengine wengi tuliwapata, nakiri, lakini wako ambao hatukuwapata, na yule mzee ni mmojawapo. Mwezi Desemba, ofisi ilipoanza kuwagawa watoto ambao hawakuwa na mtu, Konsolata, ambaye tangu karatasi ile alimtembelea Eric kituoni akingoja apate nyumba, alikwenda kumchukua akarudi ameshika watoto wawili, mmoja kila mkono. Hakunieleza, na sikuhitaji maelezo. Mwaka huo haujaisha nikahama ile nyumba. Niliviosha vikombe vyote vinne nikavirudisha kabatini, kana kwamba hilo lingesaidia kitu.

Hadithi ya kufumba na kufumbua aliitunga Eric mwenyewe, utotoni, kwa kuambiwa tu kwamba alipatikana na kompyuta. Kompyuta za hadithi huwa za haraka. Konsolata hakumsahihisha, nami nilinyamaza nyuma ya ukimya wake, nikapata kazi nyingine, nikawa fundi wa watu wenye haraka kwa miaka thelathini. Sasa Konsolata hayupo, na mdogo wake alikuwa goti kwa goti nami akingoja jibu la kitaalamu.

"Ile ya haraka haikukuona," nikamwambia. "Ilisema haupo, na dada yako akakuombea misa. Iliyokupata ni ile ya polepole." Nikamweleza safu ile, na Rwabukumba watano, na mstari baada ya mstari nikaona anaelewa, maana ni mtu wa kazi. Hakukasirika. Aliuliza kile ambacho fundi yeyote mzuri angeuliza.

"Na wale wengine, muzehe? Waliokuja zile siku za ya haraka?"

Sikuweza kuinua macho, kwa kuwa ningekutana na ya Dativa. Nilimsikia akiweka chupa ya chai chini, kisha akavuta kiti.

"Eric, mwache," akasema. "Mama alinieleza zamani, kabla sijaolewa. Mimi najua yote." Aliketi akanielekea, mikono mapajani. "Muzehe, hiyo mashini mimi sina neno nayo. Lakini babu yangu, wewe ndiye ulimuona. Sisi hatuna hata picha. Alikuwa namna gani?"

Miaka thelathini nilijiandaa kuomba radhi, na hakuna aliyekuwa ameitaka. Nikamweleza koti la sufu. Nikamweleza kofia ya kahawia, na kwamba hakuketi mpaka wanawake wameketi, na kwamba alikuwa mrefu, na kwamba alipotaja kovu la kifundoni aliinama akagusa kifundo chake mwenyewe kutuonyesha mahali. Dativa akaangalia mguu wake. Eric alikuwa ameshika kikombe changu, sijui kilifikaje mikononi mwake.

"Na alipoondoka?" Dativa akauliza. "Alisema nini?"

Niligeuka nikitumaini mashine ya zege itanguruma, lakini mafundi walikuwa wamepumzika.

"Alisema asante," nikamwambia. "Alinishukuru kwamba sikumchelewesha."